Naomba ushauri: protini yangu inaishia kwenye mashapo

Habari zenu wakuu. Huu mwezi wa tatu nazalisha protini ya kimelea cha malaria ndani ya bakteria E. coli, aina ya BL21(DE3). Nikiweka IPTG (kemikali ya kuwasha uzalishaji wa protini) milimolari 1 kwenye nyuzi 37, inatoka nyingi mno. Lakini nikipasua seli na kuzungusha kwenye sentrifuji, karibu yote inabaki chini kwenye mashapo, na safu ya nikeli ya kusafishia protini inanasa kidogo sana ingawa mkia wa histidini 6 unaoshika nikeli upo.

Nianze kwa kushusha joto hadi nyuzi 18 usiku kucha na IPTG milimolari 0.1? Au niyeyushe mashapo kwa urea molari 8, kisha niiondoe polepole? Naogopa njia hii, maana protini isipojikunja sawasawa kingamwili hazitaitambua. Aliyepitia hili anisaidie tafadhali.