Miche ya nyanya inalala siku chache baada ya kuota

MamaKibaraza
Habari zenu wakulima. Niko ghorofa ya tatu, Umoja, Nairobi. Nimepanda nyanya na hoho kwenye makopo ya majarini, udongo mweusi wa hapa hapa, maji asubuhi na jioni. Nyanya ziliota siku ya nane, sasa zinalala mmoja mmoja. Shina pale linapotoka udongoni limekuwa jembamba kama uzi. Hoho leo siku ya 14, kimya. Ni mbegu mbovu?

Kitalu_Kabete
Mbegu haina kosa, dada. Hicho ni kinyausi: kuvu ya udongoni inakula shingo ya mche, na inapenda baridi na majimaji. Ulioanguka hauinuki, tupa pamoja na udongo wake. Udongo mweusi hushikilia maji mno, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Changanya udongo mwekundu vikombe 3, samadi iliyooza mpaka haina harufu 2, mchanga 1. Chekecha, mwagia maji yanayochemka (kuvu haifi yote, ila inapungua sana), acha upoe kabisa. Toboa kitako cha kopo matundu matano au sita. Mbegu iingie nusu sentimita tu. Na usimwagilie kwa juu: weka kopo kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili, dakika 15, udongo wa juu ukigeuka rangi toa. Rudia siku ukilinyanyua kopo ulione jepesi.

Mzee wa Miche
Hoho inataka joto la nyuzi 25 hivi, na Julai hii usiku wetu unashuka hadi 12 au chini. Wiki tatu si ajabu. Funika kopo kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Mche wa kwanza ukichungulia, ondoa chupa siku hiyo hiyo, la sivyo unakaribisha kinyausi tena.

Kitalu_Kabete
Na dirisha je? Miezi hii jua limeegemea kaskazini, kwa hivyo dirisha la upande wa Mlima Kenya ndilo linalopata jua. La kusini miche itarefuka ikiinamia kioo. Hiyo si ugonjwa, shina huwa zima; nyanya ya namna hiyo ukiihamisha izike mpaka karibu na majani ya chini, itatoa mizizi shinani.

MamaKibaraza
Asanteni. Hoho nichimbue kidogo nione kama imeoza?

Mzee wa Miche
Usiguse! Kimzizi kikishatoka, kidole tu kinakikata. Ngoja siku ya 25.