Wanataka kuigiza filamu nyumbani kwangu kuhusu mwanangu aliyepotea. Nikubali?

Mzee wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, siku zimenibana.

Mwanangu wa kwanza aliondoka hapa Tanga Ramadhani ya 2014, ana miaka 19. Ilikuwa usiku wa mvua. Wenzake walisema kaenda Dar kutafuta meli ya kuzamia. Hajarudi. Mama yake hataki neno "marehemu" litamkwe ndani ya nyumba. Kila magharibi anapakua sahani moja ya ziada, anaifunikia kawa, alfajiri anawamwagia kuku. Laini ya simu ambayo kijana aliishika namba yake kwa kichwa, mama hajaiacha, kila mwezi anaitilia mia tano isifungwe. Walipotangaza kwamba Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zinazimwa, alikwenda kwenye foleni ya kitambulisho siku tatu, na homa juu.

Watu wa filamu wameisikia habari hii. Wanataka kuiigiza humu humu ndani kwetu, ukumbi ule ule, kawa lile lile. Nikubali au nikatae?

Kipanga
Pole sana mkuu. Wanatoa shilingi ngapi? Hapo ndipo pa kuanzia. Kwanza waulize kibali, maana kwa sheria ya 1976 skripti inapita Bodi ya Filamu kabla kamera haijawashwa. Wakishindwa kukuonyesha karatasi, wafungie mlango. Jirani yangu aliwapa nyumba watu wa namna hiyo, wakamvunjia kabati la vyombo na hakulipwa hata kikombe.

Bi Chumvi
Kaka, sahani hiyo naijua. Mdogo wangu alipanda Spice Islander kurudi Pemba, ile iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Waliokolewa zaidi ya mia sita, yeye hakuwemo, wala kwenye maiti hakuwemo. Mama alikaa bandarini Mkoani siku tisa. Watu wanashuka na mikeka, na mifuko ya mchele, yeye anatazama nyuso tu. Tulimsomea hitima bila kaburi. Miaka imepita, lakini mtu akibisha hodi usiku mama anauliza jina kabla hajauliza "nani".

Nyakwar Siaya
Pole mzee wangu. Kwetu Wajaluo, mtu akipotea kabisa, wazee huzika tunda la yago badala ya mwili. Ni refu, zito, ukilibeba mikono inajua imebeba kitu. Baba mdogo alipotelea ziwani na tukamzika hivyo. Nyanya alikataa kutoka nje siku nzima, jioni akaja na udongo kiganjani akautupia mwenyewe. Toka hapo akaanza kulala usiku. Zungumza na wazee wako kabla ya hao wa kamera.

Dogo Mkweche
Nafasi ya baba wameshampa mtu? Kitambi ninacho tayari.

Mama Salha
Dogo, si mahali pake hapa.
Baba, nina maswali mawili hujayagusa. Mama wa mtoto anasemaje? Na hiyo filamu inaishaje?

Mzee wa Ngamiani
Mama yake nimemwambia ni watu wa mradi wa nyumba za zamani. Filamu inaisha na kijana kupatikana amefariki. Hapo mimi ndiye niliyewaomba iwe hivyo.

Mama Salha
Kwa nini uombe hivyo? Nani kakwambia amefariki?

Mzee wa Ngamiani
Nilitaka kuliacha hili, lakini sawa.

Mwaka 2017 alinipigia kijana wa Kitanzania kutoka Durban. Akasema walikuwa wanalala pamoja chini ya daraja, mwanangu akaugua kifua, akafa hospitali, akazikwa na manispaa kwa kuwa hakuna aliyejitokeza. Alinitajia kovu la mguu wa kushoto, alilolipata kwa baiskeli yangu. Hakuna mtu angelijua. Nikamuuliza kwa nini hawakupiga mapema. Akasema, "Mzee, alitukataza, alisema mama atakufa."

Sikumwambia mke wangu. Siku ile alikuwa anakaanga samaki, aliniuliza nani kapiga, nikasema mteja wa kitanda. Mimi ni seremala. Miaka ikapita juu ya neno hilo.

Nikawaza, akiona kwenye filamu mama mwingine analia, moyo utazoea kidogo kidogo. Msinilaumu. Nimeshasaini, nimepokea laki nane, nimeezekea bati upande wa jikoni. Wanaanza Jumatatu.

Ustadh Mnyonge
Subhanallah. Mzee, umemnyima mama haki ya kumuombea maghfira mwanawe. Kila sahani aliyofunika tangu 2017, wewe ulikuwa unajua. Mtubie Mola wako, kisha umuombe radhi yeye.

Bi Chumvi
Ustadh, taratibu. Hata sisi baba alikuwa na jambo alilolificha, tukalijua siku ya mazishi yake. Wanaume wa pwani hawafundishwi kubeba habari kama hizi.

Wakili wa Mtaani
Kisheria: hapa Tanzania mtu asiposikika miaka 5 na wale ambao wangetegemewa kumsikia, Sheria ya Ushahidi inaruhusu kumchukulia kuwa amekufa, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Kenya ni miaka 7. Lakini wewe una habari, kwa hiyo ifuatilie. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta ndugu waliopotezana, bila malipo. Likipatikana kaburi, vinasaba vinapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kwa sheria ya 2009 ombi linapitia polisi, mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Huendi na mate yako kwenye kichupa. Simu moja ya 2017 na kovu si cheti.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnakunywa chai hapa, hadithi ya kutunga. Ramadhani ya 2014 ilianza mwishoni mwa Juni. Masika yameshakwisha. Mvua ya Tanga ilitoka wapi? Na kawa, na laini, na kovu, kila kitu kimekaa kama kwenye skripti. Huyu ni mwandishi wa filamu anatutumia kupata mazungumzo ya bure. Tuwekee picha ya huo mkataba.

Kipanga
Duh. Nami nilianza kuhisi. Kovu la baiskeli limekuja vizuri mno.

Dogo Mkweche
Basi nirudishieni nafasi yangu ya baba.

Nyakwar Siaya
Na kama ni kweli? Mimi nimeandika habari ya baba mdogo hapa, sijaiandika kwa mchezo.

Mzee wa Ngamiani
Jicho la Tatu, sikusema masika. Nilisema mvua. Muulize mtu yeyote wa pwani habari ya mvua za mchoo, zinanyesha masika yakishapita. Nakumbuka kwa sababu kandambili zake zilibaki barazani zimejaa maji, nami nikazigeuza zikauke.

Mkataba siweki, una jina la mwanangu. Anayetaka kuamini chai aamini.

Nimewapigia wale watu asubuhi. Nimewaambia ule mwisho uondolewe. Wamejibu mwisho ndio walionunua, nikitaka kuvunja nirudishe laki nane. Sina. Kipanga, bati haling'oki tena.

Mama Salha
Baba, achana na filamu kwanza. Hata warudi na polisi, Jumatatu ni mbali. Leo ni Alhamisi. Mwite mtu wa upande wake, kaka yake au shangazi, akae naye wakati unasema. Usimwambie peke yenu usiku. Na usiseme "amekufa" moja kwa moja, maana hata wewe huna hakika hiyo. Mwambie ulichosikia, kama ulivyosikia, na neno alilokataza.

Jicho la Tatu
Nikikosea nitaomba radhi hapa hapa. Tunasubiri mrejesho.

Mzee wa Ngamiani
Kesho baada ya sala ya Ijumaa anakuja kaka yake kutoka Muheza na dada yangu. Nimemwambia mke wangu tuna wageni. Kauliza apike wa watu wangapi. Nikasema wanne, na sisi ndani.

Kapima mchele wa watano.