Kupanda mlima siku moja kwa sisi watu wa pwani: Maundi, Miriakamba, Shira au Magamba?

Mkaazi wa Chake
Assalamu alaykum. Tuko watu 6 kutoka Pemba, mkubwa wetu ana miaka 58. Tunataka siku moja tu na mwongozaji: tupite msitu wa mlimani, tutokee kwenye nyasi za juu, usiku tulale mjini. Kileleni hatwendi. Ipi inatufaa?

Kizimbani
Waalaykumu salaam. Kwa masharti hayo ni Maundi, Kilimanjaro. Mnaanzia lango la Marangu, mita 1,900 kasoro kidogo, mnapanda kilomita 8 hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720. Mwendo wa pole ni saa tatu hadi nne. Kutoka hapo hadi kreta ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, ni kama robo saa nyengine.

Mtamu ni msitu wenyewe. Chini ni miti mirefu yenye mbega, njia ina kivuli na utelezi. Kando ya njia tafuteni ua dogo jekundu na njano, limejikunja kama mkonga wa tembo; halioti kwengine duniani ila mlima huu. Mkizidi kupanda, matawi yanaota ndevu za kijivu zinazoning'inia. Mkishavuka Mandara miti inafupika, inabaki vichaka, halafu ghafla mko kwenye nyasi na upepo. Mawingu yakikaa mbali, vilele vya Kibo na Mawenzi vyote viwili vinaonekana.

Mawingu hupanda kadiri jua linavyopanda. Basi ondokeni Moshi saa 12 asubuhi, muwe langoni saa 2. Anayeanza kutembea saa 4 mara nyingi hufika Maundi akaona ukungu mtupu.

Bahari ya Wete
Shira, uwanda wa juu upande wa magharibi wa Kilimanjaro, mtaambiwa ni rahisi kwa sababu gari linapanda hadi karibu mita 3,500. Hapo ndipo penye hatari. Hewa ya huko ina thuluthi mbili tu hivi ya mgandamizo wa hewa ya Chake, nanyi mmetoka usawa wa bahari jana. Kichwa kitauma, tumbo litachafuka, na mtu wa miaka 58 hatofurahia kitu. Tena msitu mtaupita ndani ya gari. Shira ni ya aliyelala kwanza siku mbili tatu kwenye mwinuko.

Akiumwa kichwa mtu yeyote, popote, akawa anatapika au anayumba, dawa ni kushuka. Si kupumzika hapo hapo, wala si kumeza vidonge akaendelea.

Mwanakwerekwe
Miriakamba, vibanda vya mlima Meru, naipa nafasi ya pili. Mnaanzia lango la Momella, hifadhi ya Arusha, mnafika karibu mita 2,500. Lazima mfuatane na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati; msimtangulie hata kwa hatua kumi. Njia ni mbili: ndefu inapita chini ya mtini ulioota kama tao la mlango, fupi ni kali. Pandeni kwa ndefu, mshukie fupi kama magoti yanaruhusu. Ila nyasi zake ziko chini, karibu na lango, mnakoweza kukuta twiga na nyati. Juu ni msitu. Kwa hiyo lile la "nyasi za juu" halitimii.

Mkaazi wa Chake
Ahsanteni sana. Magamba je? Sisi Tanga ni karibu.

Bahari ya Wete
Kwa safari, ndiyo. Boti ya Tanga haiendi kila siku, ulizeni kwanza. Kisha Tanga, Korogwe, Mombo, mnapanda kona hadi Lushoto. Msitu wa Magamba ni mzuri, una mbega na vinyonga, lakini ni msitu. Nyanda za juu hakuna. Kama nyasi na maua ndiyo shabaha yenu, kuna Kitulo, watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu, mita 2,600 hivi, maua Novemba hadi Aprili. Ila ni mbali, nyanda za juu kusini. Si ya safari hii.

Bi Mkoani
Mavazi. Kila mita 1,000 mnazopanda, joto linapungua kama nyuzi 6. Nyuzi 30 za nyumbani zinakuwa 13 hivi Maundi, na upepo juu yake. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki. Vaeni ya nailoni, sweta ndani ya mkoba, na koti la mvua hata kiangazi.

Dada zangu, buibui refu linanasa kwenye mizizi na kulowa pindoni, likawa zito. Kanzu ya kufika magotini juu ya suruali pana inasitiri na haizuii kupanda. Mtandio mfupi, uliobanwa.

Maji lita 2 na nusu kila mtu, kwenye chupa za kudumu. Zile za kutupa haziruhusiwi mlimani. Adhuhuri salini Mandara, chukueni mswala mwepesi.

Kizimbani
Kwenye bei ulizeni kimoja kimoja: kiingilio, mwongozaji, gari kwenda na kurudi, chakula. Kila mtu abebe kitambulisho chake, la sivyo mtatozwa kama wageni.

Na kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla. Wanaoumia wengi huumia wakishuka: vidole vinagonga mbele ya kiatu kilomita zote 8. Pale Mandara, kabla ya kuanza kushuka, fungueni kamba, sukumeni kisigino nyuma kabisa, mkaze upya kwenye kifundo.