Ushauri: Mpwa wangu kasoma kitabu cha pili kabla ya cha kwanza, sasa nimnunulie mfululizo upi?

Mjomba wa Nkuhungu (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Mpwa wangu kamaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Dada yangu yuko Mvumi, akamleta kwangu hapa Dodoma mjini asubirie matokeo. Wiki mbili za mwanzo ilikuwa yeye na simu, simu na yeye, hadi chaja ikaungua. Siku moja napita karibu na Soko la Majengo, nakuta jamaa katandaza vitabu chini kwenye turubai. Nikaona kimoja kina ndege kwenye jalada, nikatoa buku tatu, nikaondoka.

Kumbe ni cha pili. Na hicho cha pili chenyewe kurasa za mwanzo hazipo, kinaanzia katikati ya sentensi, na jalada la ndani mtu kapigia hesabu za madeni ya mchele. Binti kakisoma siku tatu. Ya nne ananifuata nanyoa ndevu: "Mjomba, hawa mara ya kwanza walitokaje kwenye ule uwanja?" Nitajuaje mimi? Mimi nasoma magazeti.

Sasa ameambukiza wenzake watatu wa mtaani. Jioni wakishaosha vyombo wanakaa chini ya mwarobaini anawasimulia, wanabishana mpaka mama mwenye nyumba anatoka. Nimeipenda hali hiyo, nataka isife. Nina laki moja kasoro kidogo. Naomba mniambie ninunue mfululizo gani wa hizi riwaya za vijana zenye serikali za ajabu ajabu, distopia wanaziita. Masharti: Kiingereza kisiwe cha kuvunja meno, na dada yangu kaokoka, hataki uchafu wala damu nyingi.

---

Msomaji wa Makole

Mkuu, ulichookota ni Catching Fire, cha pili katika The Hunger Games ya Suzanne Collins. Cha kwanza kilitoka 2008 kwa jina la mfululizo wenyewe, hicho chako 2009, cha tatu Mockingjay 2010. Baadaye akaongeza viwili vya mambo yaliyotangulia, kimoja 2020 kingine 2025, ila hivyo viwili visubiri. Usimhamishe binti kwenda mfululizo mwingine kabla hujampa cha kwanza. Utakuwa umemkatisha maji kooni.

Nakupa kionjo uone kwa nini wanabishana. Nchi inaitwa Panem, ina makao makuu yaliyoshiba na wilaya 12 zenye njaa. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18, jumla 24, wanaingizwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja, nchi nzima inatazama kwenye televisheni. Majina yanachezwa kama bahati nasibu. Ukiwa na miaka 12 jina lako linaingia mara moja, 13 mara mbili, linaongezeka hivyo hivyo. Halafu ndipo ujanja wa serikali unapoingia: kama kwenu hamna chakula, unaruhusiwa kuongeza karatasi yenye jina lako, unapewa nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka mzima. Unaweza kuwachukulia na wa nyumbani kwako. Na karatasi za mwaka jana haziondoki.

Katniss, mhusika mkuu, anachukua ya kwake, ya mama yake na ya mdogo wake kila mwaka tangu ana 12. Akifika 16 jina lake limo mara 20. Mdogo wake, Prim, ana karatasi moja tu mle ndani. Waambie mabinti wapige hesabu hiyo halafu uwaulize ni nani alitajwa.

---

Kaka Pembeni

Nina pdf zote, nicheki pembeni bosi, bure kabisa.

---

Msomaji wa Makole

Kaka Pembeni, acha wizi wa kazi za watu. Halafu mwenzio anahangaika kumtoa mtoto kwenye simu, wewe unamrudisha mle mle.

---

Mama Zabibu

Mjomba hongera kwa kulea. Ila mimi ni mama, nasema wazi: watoto kuuana si kitu cha kumpa binti ambaye mama yake amekukabidhi kwa imani. Mpe The Giver ya Lois Lowry. Ni cha 1993, kilipata nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata, chembamba, na Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi fupi. Mwanangu alikisoma akiwa kidato cha pili.

Humo hakuna vita. Ni mji mmoja nadhifu mno. Hakuna kilima, hakuna mvua ya ghafla, kila familia inapangiwa watoto wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mtoto akifika 12 wazee wanamtangazia kazi atakayofanya maisha yake yote. Jonas anapewa kazi ya kutunza kumbukumbu za zamani, zile ambazo watu wote wengine wamefutiwa. Kuna mahali anarushiana tofaa na rafiki yake, tofaa likiwa hewani linabadilika kidogo, kisha linarudi kuwa kama lilivyokuwa. Anaondoka nalo kwenda nyumbani kinyume cha sheria, analitazama kwa lenzi, haoni kitu. Baadaye sana ndipo msomaji anashtuka: hawa watu hawaoni rangi. Lile tofaa lilikuwa jekundu. Nilikuwa nimeinjika maharage, yakaungua.

Angalizo moja. Ni mfululizo wa vitabu vinne, lakini cha pili, Gathering Blue, kinaanza na msichana mwingine kabisa, mahali pengine. Mtoto akitegemea kumkuta Jonas atadhani umetapeliwa tena.

---

Ubao na Chaki

Mama Zabibu, nakuheshimu, lakini umeisahau sura ya baba na kile kichanga? Hakuna damu hata tone, ila mimi ilinitisha kuliko uwanja wote wa Collins. Nilikaa na kitabu mkononi nusu saa. Kwa hiyo dada wa Mvumi akisema "hataki damu", tumuelewe vizuri anaogopa nini.

Mimi nafundisha sekondari hapa hapa mkoani, sitaji shule. Nina pendekezo tofauti na nitalitetea: Legend ya Marie Lu. Cha kwanza 2011, Prodigy na Champion vyote 2013, cha nne, Rebel, 2019. Sababu yangu ni huyu binti mwenyewe. Anasubiri matokeo! Katika nchi ya kitabu hiki kila mtoto akifika miaka 10 anafanya mtihani mmoja wa taifa. Alama za juu kabisa ni 1500. Ukifaulu sana unapelekwa chuo na kupewa maisha, ukifeli wazazi wanaambiwa umepelekwa kambi za kazi. June kapata 1500 zote. Day kafeli, na sasa ndiye anayesakwa na jeshi kuliko wahalifu wote. Wote wawili wana miaka 15. Sura moja anasimulia yeye, sura moja mwenzake, kwa hiyo wasomaji wanne wanaweza kugawana sauti.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu niliyemwazima alirudi kuniuliza, "Mwalimu, nani alisahihisha?" Swali hilo sijawahi kuulizwa darasani miaka yote.

Na kuna kitu kingine ambacho mtoto wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Ugonjwa ukiingia kwenye nyumba, askari wanakuja kuchora X mlangoni. Mwanzoni kabisa Day anaona mlango wa mama yake umechorwa X isiyo ya kawaida, ina mstari wa tatu katikati. Sisi tuliokulia kando ya barabara kuu tunaijua X ukutani, ya nyumba kubomolewa. Unarudi kutoka shule unaikuta, na mama kakaa kizingitini hasemi kitu.

---

Binti wa Chang'ombe

Mbona hakuna aliyetaja Divergent ya Veronica Roth? 2011, 2012, 2013, vitabu vitatu, mambo yote yanatokea Chicago. Watu wamegawanywa makundi matano kwa tabia: wa kujitolea, wa amani, wa ukweli, majasiri, wasomi. Ukifika 16 unachagua kundi, hata kama ni kuwaacha wazazi. Kidato cha nne mzima ndiyo swali lao hilo, naenda wapi na nyumbani watasemaje.

---

Msomaji wa Makole

Kitabu cha kwanza unakimaliza usiku mmoja, nakubali. Lakini huo mfumo ukiukalia chini dakika tano unabomoka. Mtu gani ana tabia moja? Shangazi yangu peke yake ni makundi yote matano kabla ya saa sita mchana. Na cha tatu nilikirusha uvunguni. Siwaharibii utamu, waliokisoma wanajua ukurasa ninaousema.

---

Binti wa Chang'ombe

Mimi ule mwisho niliupenda. Tukutane nje 😂

---

Mtembezi wa Iyumbu

The Maze Runner ya James Dashner je? Kijana anazinduka ndani ya lifti hakumbuki kitu ila jina lake. Kwa wavulana inashika sana. Tatizo wana misimu yao ya kubuni, Kiingereza juu ya Kiingereza, kwa anayejifunza inachosha. Kwa hawa mabinti ningeiruka.

---

Mzee wa Kikuyu Kusini

Nawasalimu wanangu. Mjukuu wangu kanisomea uzi huu, nikamwambia aniandikie.

Hiyo habari ya kuandikisha jina ili upate nafaka mnaisimulia kama kitu cha Marekani. Mwulizeni Mgogo yeyote aliyekaa na bibi yake kuhusu Mtunya. Njaa ya 1917 hadi 1920. Wajerumani walipita wakachukua ng'ombe na mtama kwa ajili ya vita vyao, wakaja Waingereza wakachukua kilichobaki, na vijana wakakokotwa kubeba mizigo ya askari. Kisha mvua ikakataa. Mama yangu alikuwa akituambia watu waliwapeleka watoto kwa jamaa wa mbali wapate kula, na wengine hawakurudishwa tena. Kwa hiyo binti huyo wa kwenye kitabu namuelewa bila kumsoma.

La pili. Kabla hamjatoa hela kwa ya nje, mnacho Kusadikika cha Shaaban Robert. Nchi inayoelea hewani, Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, na wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo mema wakirudi wanatiwa gerezani. Na Shamba la Wanyama, ile Animal Farm ya George Orwell, alilotafsiri Kawegere, 1967.

---

Binti wa Chang'ombe

Shikamoo mzee. Naunga mkono la kwanza kwa mikono miwili. La pili, samahani, ukimpa mtoto aliyetoka kwenye mtihani juzi kitabu ambacho watu wanakiona cha darasani, ataona ameongezewa muhula. Karama anahutubia kurasa na kurasa. Hawezi kushindana na Katniss, msichana mwenye upinde.

---

Ubao na Chaki

Sikubaliani. Inategemea unakitoa lini. Kitoe baada, si kabla. Mtoto aliyeshaona rais wa Panem akitabasamu, akimkuta Waziri Majivuno wa Kusadikika mahakamani atamtambua hapo hapo. Mwanzoni ni kazi ya nyumbani, mwishoni ni umbea.

Mjomba, usinunue seti nzima. Nunua cha kwanza cha mfululizo mmoja, uone kama hamu inadumu. Kabla ya hapo pita maktaba ya mkoa ukaulize. Na ukinunua chini, fungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho, hesabu.

---

Mjomba wa Nkuhungu

Wakuu, narudi na mrejesho, samahani kwa kukaa kimya siku tisa.

Mzee shikamoo, asante sana. Nilinunua The Hunger Games cha kwanza, kizima, nimehesabu kurasa mbele ya muuzaji hadi akaudhika. Legend binti wa mfanyakazi mwenzangu anayo, kaniazima kwa sharti la kufunika jalada. Nikaviweka vyote mezani wachague. Wakachagua kuvisoma vyote kwa zamu, wawili wawili.

Dada yangu sikumficha. Nilimpigia nikamweleza habari ya dada mtu kuchukua nafasi ya mdogo wake. Akanyamaza, akauliza, "Anajitoa mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. "Basi asome, ila msimsomee mama." Mama yetu alikuwa amekuja hospitali kuangalia macho, kafikia hapa kwangu.

Sasa nani alimzuia mama? Mpwa wangu anasoma kwa sauti chini ya mwarobaini, anatafsiri papo hapo kwa Kiswahili, pakimshinda anachomeka Kigogo. Walipofika kwenye nafaka mama akasimamisha kupepeta.

"Wanapewa kiasi gani?"

"Ya mtu mmoja, bibi, mwaka mzima."

Akaangalia ungo. Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja, kisha wa pili, akarudia. "Haifiki mwezi wa pili," akasema. "Endelea."

Mtoto akatoa daftari, wakapiga ile hesabu ya karatasi 20 upya, kumbe hakuiamini. Prim alipotajwa mama alisema neno ambalo dada yangu asingependa nililete hapa.

Alikuwa arudi Mvumi Alhamisi. Macho yameshaangaliwa, dawa anazo. Jana kaniambia basi la Alhamisi lina vumbi.

---

Msomaji wa Makole

Na la Jumatatu je? 😂

---

Mjomba wa Nkuhungu

Nimemuuliza. Kasema kwanza ajue yule mtoto wa mwoka mikate anamdanganya Katniss au hamdanganyi.