Mtwara: safari tatu kupima shingo ya kizazi. Mara siki imeisha, mara umeme hakuna!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Mamkubwa wangu ana miaka 47, yuko kijijini huku juu Umakondeni. Tangu mwezi wa tano anatoka damu siku zisizo zake, na hata baada ya tendo la ndoa. Majirani walishaamua ni jini. Nimembembeleza wiki mbili nzima ndipo akakubali kwenda kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Mama wa umri ule kupanda kitanda kile mbele ya kijana sawa na mwanawe si jambo dogo, wa kwetu mnanielewa.

Safari ya kwanza: "Sista anayepima yuko semina, njooni Jumatano." Jumatano saa moja asubuhi tumeshafika, bodaboda elfu kumi na mbili kwenda na kurudi. Siki imeisha. SIKI! Kipimo chenyewe ni kupaka siki kwenye shingo ya kizazi, unasubiri kama dakika moja uone pamegeuka peupe au la. (Najua yao si ya kachumbari, ina kiwango chake. Bado ni siki.) Safari ya tatu vifaa havijachemshwa, umeme umekatika. Na gesi ya Mnazi Bay, inayofua umeme, iko mkoa huu huu.

Mamkubwa akajifunga khanga yake vizuri, akaniambia, "Mwanangu, twende tukaokote korosho."

Salfa, dawa ya mikorosho, ikichelewa wiki moja tu huku, diwani anazima simu. Siki ya akina mama ikikosekana, nani kauliza? Wengi wetu hata hatujui kama tunatakiwa kupimwa kabla ya kuumwa. Unyagoni tumefundwa mambo chungu nzima, ngoma mpaka asubuhi, lakini kungwi gani alitutajia kirusi kinacholeta ugonjwa huu, au kwamba ukiwahiwa unatibika? Mabinti walau wanachanjwa tangu 2018. Sisi tuliopita umri tumeachiwa kipimo, na kipimo ndiyo hicho.

Sitaki nije nimpandishe basi kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, akiwa hawezi kukaa.

Mwenye kujua kituo wanakopima kweli, iwe Masasi, Ndanda au Mtwara mjini, aseme ni siku gani na wanaanza saa ngapi. Msiniambie nirudi kule kule. Na kama kuna sehemu anapima mama mtu mzima, nitajieni hiyo kwanza, maana kumshawishi mara ya nne sijui nitaanzia wapi.