Wageni wa bosi wanatua Dar alasiri: niwapokee kwa gari gani?

Muhtasi_wa_Posta

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mliowahi kufanya kazi hii ya kupokea wageni wakubwa.

Mwenyekiti wa bodi yetu anakuja Dar na mkewe pamoja na wawekezaji wawili. Wanatokea Dubai na Emirates, ile ya kutua alasiri, Terminal 3. Wanafikia hoteli Masaki, na jioni hiyo hiyo saa moja wana chakula na watu wa benki. Ni watu wa kusafiri daraja la kwanza, wamezoea kupokelewa miji yote.

Nimeomba bei kampuni tatu. Ya kwanza inataka nichukue V8 mbili, zile Land Cruiser. Ya pili inasema Alphard moja inatosha. Ya tatu ina Benzi nyeusi, na kila nikiuliza swali wananitumia picha nyingine ya hiyo Benzi. Bei zimepishana vibaya sana. Bosi wangu hana maelezo marefu, kasema tu, "Nisisikie malalamiko." Nichague ipi?

Kijana_wa_Sinza

V8 dada, usijiulize mara mbili. Mjini hapa mkubwa akishuka kwenye V8 hata mlinzi wa geti anajua afungue haraka. Benzi mvua ikinyesha utaijutia.

Mzee_wa_Usukani

Binti, pole na majukumu. Nimeendesha magari ya hoteli tangu wageni wa nje wanashukia Terminal 2, kabla hii ya tatu haijafunguliwa 2019. Kijana hapo juu hajakosea kuhusu mvua, ila anazungumzia gari, na mgeni wako atakaa kwenye gari saa moja tu. Unachonunua hapo ni dereva, na subira ya dereva.

Tuanze na mizigo, maana ndiyo inayoaibisha watu. Wageni wanne wa aina hiyo hesabu mabegi makubwa mawili kila mmoja. V8 ukisimamisha viti vya nyuma kabisa, buti linabaki la kuweka mkoba wa kompyuta. Alphard ni nzuri kwa kukaa, mlango unajifungua wenyewe na mama anapanda bila kukunja gauni, lakini nayo ikijaa watu haina pa kuweka mabegi. Nimeshuhudia pale nje ya Terminal 3 waheshimiwa wamesimama juani, madereva wawili wanapanga na kupangua begi moja, jasho linawatoka, mwishowe limepakatwa kiti cha mbele. Gari lenyewe lilikuwa la mwaka huo huo, linang'aa. Kwa hiyo Alphard ya watu, na nyuma yake Noah au Hiace safi ya mizigo. Itakugharimu chini ya V8 mbili, na wageni watakaa pamoja waongee yao. Kama mwenyekiti na wawekezaji kila mmoja ana maongezi asiyotaka mwenzake ayasikie, hapo sawa, chukua mbili.

Sasa dereva. Usikubali kuambiwa "tutakutumia mtu". Omba jina na namba yake siku moja kabla, umpigie mwenyewe. Muulize: saa kumi na moja jioni, kutoka Terminal 3 hadi Masaki, utapita wapi? Akikujibu papo hapo "Kawawa Road tu, dada", huyo bado. Dereva anayeijua Dar atakuuliza kwanza: siku gani?

Maana jioni Nyerere Road upande wa kuingia mjini una nafuu, watu wengi wanatoka kwenda Gongo la Mboto na kwingineko. Ukishapita daraja la juu la Tazara ndipo unapoamua. Kawawa ni fupi, lakini Magomeni inapokatana na Morogoro Road, trafiki akishika taa mnaweza kukaa mpaka mgeni aanze kuuliza kama kuna ajali. Mimi kwa saa hizo naingia mjini, natokea Barack Obama Drive, napanda Daraja la Tanzanite, nashukia ufukwe wa Coco. Kwa kilomita ni mzunguko, na foleni ya watu wanaorudi majumbani utaikuta. Lakini mgeni anaona bahari, gari linatembea, na mtu wa namna hiyo hakasiriki gari likitembea. Ijumaa, au mvua ikiwa kubwa, hesabu inabadilika tena, ndiyo maana ya lile swali la siku.

Na subira: bei yao inaanza kuhesabu lini? Wengine wanahesabu tangu saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Wewe taka ianze ndege ikishagusa ardhi, na upewe angalau saa moja bila nyongeza. Viza za wageni ziombwe mtandaoni mapema, la sivyo saa hiyo yote itaishia dirishani.

Nuru_Ofisi_ya_Safari

Mzee kamaliza, mimi naongeza ya makaratasi tu. Angalia namba ya gari. Gari la biashara lina kibao cheupe, la binafsi cha njano. Ukiletewa Alphard ya kibao cha njano, hiyo ni ya mtu, kaikodisha kienyeji. Mkipata ajali, bima yake inaweza kukataa kuwalipa abiria, na hapo bosi wako atasikia zaidi ya malalamiko. Omba nakala ya leseni ya LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa ardhini, na ya bima.

Wakikuandikia bei kwa dola, waambie waibadilishe iwe shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni haziruhusu kutangaza bei ya huduma za humu nchini kwa fedha za kigeni. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, udai, mhasibu wako atakushukuru.

Muhtasi_wa_Posta

Asanteni sana. Shikamoo Mzee wa Usukani. Nina mawili ya nyongeza. Moja, kampuni ya Benzi inasema kwa nyongeza ya pesa wanaweza kuweka gari la mbele lenye king'ora tusikae foleni. Pili, kibao cha kuwapokelea niandike jina kamili la mwenyekiti pamoja na cheo?

Mzee_wa_Usukani

Marahaba.

La king'ora achana nalo kabisa. Ving'ora vina wenyewe, na kampuni inayokuuzia kitu hicho kwa simu ujue na mengine inayafanya hivyo hivyo. Tena siku ukikuta msafara wa kweli umefungiwa barabara, king'ora chako utakizima mwenyewe na kusubiri kama dala dala.

Kibao usiandike jina, wala cheo. Pale mlangoni wanasimama watu wengi, na wapo wanaosoma majina kwenye vibao vya wenzao kisha wanamwahi mgeni mbele kidogo, "Karibu mheshimiwa, gari liko huku." Andika neno mlilokubaliana, au herufi za kampuni. Wageni wawe na picha ya dereva kwenye simu kabla hawajapanda ndege Dubai. Ukiweza kuwalipia mtu wa kuwapokea ndani, kabla ya uhamiaji, afadhali pesa ya Benzi iende huko, kwa sababu dereva haruhusiwi kupita ule mlango hata awe na suti ya namna gani.

Kiyoyozi kiwashwe kabla hawajatoka nje. Maji ya chupa yawe ya baridi. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yatolewe, mtu aliyetoka kwenye ndege yanamtibua tumbo. Redio izimwe mpaka mgeni aombe.

Kijana_wa_Sinza

Mzee, kwa hiyo V8 ndiyo imekufa?

Mzee_wa_Usukani

Haijafa. Wakienda mbugani Mikumi wape V8.

Muhtasi_wa_Posta

Nimewapigia wote watatu na lile swali la njia. Wa Benzi kanitumia picha. Wa V8 kasema dereva atafuata ramani ya simu. Wa Alphard kaniuliza ni Alhamisi au Ijumaa, nikamwambia Alhamisi, akasema basi atapita Tanzanite, na akauliza mabegi ni mangapi kabla sijamtajia. Kesho nakwenda kuliona gari na hiyo Hiace ya mizigo, nitaangalia rangi ya vibao.

Nuru_Ofisi_ya_Safari

Nenda mchana, na ukae kiti cha nyuma uwashiwe kiyoyozi. Kiyoyozi cha mbele huwa kizuri siku zote.