Mkate wa nyumbani huku Mbeya: mikono au mashine?

Dada wa Forest
Wadau, naombeni ushauri. Nyumbani tuko saba na chai ya asubuhi bila mkate haipiti, kwa hiyo nimeamua kuoka mwenyewe. Nimeona mashine ya mkate dukani, ile unayotia unga, maji na hamira, inakanda, inaumua na kuoka humo humo. Mume wangu anasema mikono inatosha. Waliotumia vyote viwili mnasemaje, hasa kwa baridi hii ya Juni?

Mama Uyole
Mdogo wangu, mimi ni wa mikono. Unga nusu kilo, maji mililita 300, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari kidogo, hamira. Kanda dakika 10 hadi 15. Kata kipande, kivute taratibu kwa vidole: kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, donge limeiva. Unga wa mfuko huu unakunywa maji kuliko wa mfuko ule, na mkono unakwambia hapo hapo. Mashine inakanda muda ule ule iliopangiwa, basi.

Njombe_Baridi
Kukanda si kazi, kazi ni kuumua! Mwezi wa saba kwetu donge linakaa masaa matatu halijasogea. Hapo mashine inanishinda kwa haki, ina joto lake. Ila kama una oveni, weka bakuli ndani ikiwa imezimwa, pembeni sufuria ya maji ya moto, funga mlango. Maji ya kulowekea hamira yawe vuguvugu tu. Yakifika nyuzi 60 hamira inakufa.

Mwokaji Iringa
Kamwene. Mmesahau mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Gesi ya hamira inatanuka kirahisi, kwa hiyo donge likishapata joto linaumuka upesi kuliko Dar, linapitiliza, kisha mkate unabonyea katikati ukiwa unaiva. Ndani ya mashine ndiyo zaidi, maana joto lipo na muda umepangwa, huwezi kuuambia usubiri wala uwahi. Vipimo vya kitabu chake mara nyingi ni vya watu wa chini. Kikisema hamira gramu 7, tia 5. Halafu fungua mfuniko wakati inakanda, uangalie: donge liwe mpira laini usiong'ang'ania ukutani. Likiwa gumu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ikianza kuoka, usifungue tena.

Dada wa Forest
Asante kaka. Na umeme ukikatika katikati?

Mwokaji Iringa
Mkate wa kawaida unachukua masaa matatu mpaka manne, na umeme ukikaa muda mrefu mashine nyingi zinasahau zilipofikia. Kama haijaanza kuoka, toa donge, lipake mafuta, liweke kwenye sufuria nzito juu ya jiko la mkaa: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Unatoka mkate mzuri kabisa.

Mama Uyole
Na hesabu watu, mdogo wangu. Mashine inatoa mkate mmoja kwa mkupuo. Watu saba mtaumaliza na chai moja. Oveni inabeba mabati mawili au matatu kwa moto ule ule.

Binti Tukuyu
Shikamoo mama. Mimi naitetea mashine. Mama yangu ana maumivu ya viungo, viganja havikunji vizuri asubuhi. Kwake kukanda robo saa ni mateso, lakini kupima unga na kubonyeza kitufe anaweza, na mkate ni wake. Hilo kwetu ni kubwa.

Njombe_Baridi
Kuna njia ya kati: mashine ya kukandia tu, yenye ndoano. Inakanda donge la mikate miwili, wewe unaumua na kuoka unavyotaka.

Dada wa Forest
Ndaga fijo wote. Oveni ninayo, mikono ninayo. Jumamosi naanza na mabati mawili, hamira gramu 5 kwa kila nusu kilo. Hiyo ya ndoano, mnanunua ya ujazo gani?